Nguchiro na Kurasa Nne za Shukrani

Paukwa!
— Pakawa!
Pakawa vishikwambi?
— Vipo kabatini!
Na mtandao wake?
— Umekaliwa!
Nani kaukalia?
— Tuambie wewe!

Nitawaambia, lakini wewe uliyeinamia simu huko nyuma, inua uso. Mdomo wangu hauna kitufe cha kurudisha.

Zamani, wala si zamani sana, palikuwa na shule ya wanyama kando ya mto. Mwalimu Mkuu wake alikuwa Mamba. Mamba mrefu, Mamba mnene, tumbo lake halijui neno "basi". Siku moja wakubwa wa nyika wakaleta kisanduku cha mtandao chenye vitaa vinavyokonyeza: pi, pi, pi. Kililetwa kwa ajili ya wanafunzi. Mamba akakipokea kwa mikono miwili, akakipeleka ofisini, akakilalia. Vishikwambi vya wanafunzi vikabaki vioo vya kujitazamia pua.

Kila asubuhi kwenye paredi Mamba anaita, "Mwanafunzi na mtandao?"
Wanafunzi wanaitikia, "Mbalimbali!"
"Kwa nini?"
"Utatuharibia maadili!"
"Nani atawalindia?"
"Mwalimu Mkuu!"

Kisha huyoo, anaingia ofisini, anafunga mlango, anautazama huo mtandao mpaka jioni. Kambale wa nazi. Kambale wa kukaanga. Kambale wa kuchoma. Mate chururu, chururu! Hayo ndiyo maadili yaliyokuwa yanalindwa, bwana wee.

Sasa, darasa la mwisho alikuwemo Nguchiro. Binti mdogo, mwembamba, ila macho hayatulii. Alitaka kwenda chuo cha uuguzi ng'ambo ya mto. Fomu ya chuo hicho haipelekwi kwa mkono wala kwa barua. Inajazwa mtandaoni tu, na mwisho ni Jumamosi, jua likizama. Na nyumbani ami yake alishamwambia, "Ukikosa chuo, tukishavuna tu unaolewa na Mzee Kicheche." Mzee Kicheche! Mwenye wake watatu, na harufu inayopiga hodi kabla yake. Nguchiro akasema moyoni, thubutu, bora nimezwe na chatu.

Jumatatu akaenda ofisini.
"Hodi, Mwalimu. Shikamoo."
"Marahaba. Unataka nini?"
"Naomba mtandao robo saa tu, nijaze fomu ya chuo."
Mamba akageuka na tumbo lake. "Mwanafunzi na mtandao?"
Nguchiro akakikodolea macho kisanduku.
"Nakuuliza wewe! Mwanafunzi na mtandao?"
"Wa kwetu, Mwalimu. Uliletwa kwa ajili yetu."

Pwaa! Mkia ukapiga meza. "Ala! Ndoo ishirini za maji, bustanini kwangu, sasa hivi!"

Nguchiro akabeba. Moja, mbili, tatu, mpaka ishirini. Wenzake wakamwambia, "Mwombe radhi yaishe." Akasema, "Radhi ya nini? Kuuliza chetu?" Hakulia hata tone. Alikuwa na hasira, tena ile hasira ya kimyakimya, mbaya kuliko ya makelele.

Jumamosi hiyohiyo ndiyo ilikuwa mahafali. Mahafali mnayajua. Lazima awepo mgeni rasmi, na lazima mwanafunzi amsomee risala. Na risala haisomwi mpaka Mwalimu Mkuu aipitie kwa kalamu nyekundu. Mgeni rasmi mwaka huo alikuwa Mheshimiwa Tembo, mkubwa wa elimu nyika nzima. Na mwandishi wa risala alikuwa nani? Nguchiro, maana shuleni hapo hakuna aliyemfikia kwa mwandiko.

Jumanne akapeleka risala. Imeandikwa: "Tunasikitika kufungiwa mtandao." Kalamu nyekundu, kwaruu! "Hilo lalamiko. Kata!"

Jumatano akapeleka tena. Imeandikwa: "Tunaomba kufunguliwa mtandao." Kalamu nyekundu, kwaruu! "Hilo ombi. Kata!"

"Sasa Mwalimu, niandike nini?"
"Shukrani, mtoto wewe! Shukrani hazikatwi."
Masikio ya Nguchiro yakasimama. "Hata zikiwa nyingi?"
"Zikiwa nyingi ndiyo tamu!"

Alhamisi akapeleka kurasa nne za shukrani tupu. Mamba akatafuta neno "changamoto", hakuna. Akatafuta "tunaomba", hakuna. Akaanza ukurasa wa kwanza: unasifu sura yake. Mate chururu! Ukurasa wa pili: mwendo wake. Chururu! Ukurasa wa tatu: sauti yake anapokohoa. Hapo akalewa kabisa. Badala ya kwenda wa nne, akarudi wa kwanza kuusoma upya. Akausoma, akausoma, kisha akagonga muhuri, dwa! "Isomwe hivihivi. Usipunguze hata nukta."
"Sipunguzi, Mwalimu," akasema Nguchiro.

Jumamosi ikafika. Ngoma, ndu ndu ndu! Hotuba, hotuba, hotuba. Saa zinakwenda, jua linateremka, na fomu haijajazwa. Mwisho kabisa akaitwa. Akapanda jukwaani, akasoma wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mamba amefumba macho kwa raha. Akafunua wa nne.

"Zaidi ya yote, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunamshukuru Mwalimu Mkuu Mamba. Shule nyingine zinawafungia wanafunzi mtandao. Yeye kwetu ameufungua! Kila mwanafunzi, kila siku, kwa saa mbili. Tunamshukuru kwa kuwa hakutuogopa."

Mamba akafumbua macho. Kwapu! Mdomo ukafunguka. Kwapu! Ukafunga.

Tembo akasimama, masikio yanapepea. "Mwalimu Mamba! Nimezunguka shule zote za nyika, kote naambiwa wanafunzi hawaaminiki. Kumbe wewe umewaamini! Ni kweli haya?"

Aseme siyo kweli? Mbele ya wazazi wote, wanaopiga makofi na vigelegele? Sifa zote hizo azitapike? Mamba hajawahi kutapika chakula, sembuse sifa.
"Kwe... kweli, Mheshimiwa."
"Basi nikaone!"

Wakaenda ofisini, umati mzima nyuma yao. Kisanduku kile pale, bado cha moto kwa joto la tumbo. Tembo akasema, "Wanafunzi, washeni vishikwambi vyenu. Neno la siri ni lipi?"

Wanafunzi wakatazamana. Nguchiro akasogea mbele. "Mheshimiwa, kwa heshima ya siku ya leo, tunapenda Mwalimu Mkuu alitamke mwenyewe."
"Vizuri sana! Tamka, Mwalimu."

Mamba akatazama mlango: Tembo. Akatazama dirisha: wazazi. Akasema kwa sauti ya chini, "Kambale... wote... wangu."
"Kwa sauti!"
"KAMBALE WOTE WANGU!"

Vidole vikaanza, ti ti ti ti ti! Shule nzima ikaingia. Nguchiro akajaza jina, akajaza darasa, akajaza chuo. Jua limebaki ukucha. Akabonyeza. Pi! Kioo kikaandika: Fomu yako imepokelewa. Nguchiro akakaa chini, pwata, akalia. Hapo ndipo alipolia, kwa furaha.

Mamba akamwinamia sikioni. "Umenifitini, wewe!"
Nguchiro akafuta machozi. "Nimekushukuru, Mwalimu. Ukitaka kufunga, mwite Mheshimiwa umwambie. Bado yuko nje, anakuandikia cheti."

Mamba hakumwita. Mpaka leo mtandao uko wazi, na Mamba anaalikwa shule za watu kueleza jinsi alivyoufungua kwa hiari yake. Mzee Kicheche? Alikwenda na majogoo yake ya posa, akakuta binti keshavuka mto.

Na mimi ngano yangu naiweka chini hapa. Ikiwakolea, gawaneni. Isipowakolea, nirudishieni nikawape kuku.

Mafunzo yake, watoto: mtandao ni kitu cha hatari, uachwe mikononi mwa wakubwa wenye kiasi. Na mwanafunzi mwenye adabu halalamiki, haombi, wala hamuumbui mkubwa wake mbele ya mgeni. Anamshukuru tu. Mshukuruni sana wanangu, tena kwa sauti, mbele za watu, mpaka afungue.