Gildo na Glavu ya Kushoto

Paukwa!

"Pakawa!"

Paukwa tena, huyo wa nyuma anasinzia!

"Pakawa, Bibi!"

Hadithi hii ina jina la kiofisi: Taarifa ya Tume ya Ngumi Kuhusu Kuangukaanguka kwa Mabondia Wageni Katika Ulingo Mkavu. Tume ilikaa, ikanywa chai, ikaamua kwamba sakafu inateleza. Sisi tutasema tu habari za Gildo.

Zamani hizo, nchi ya Italia, palikuwa na kijana mkubwa kama mlango wa ghala. Kwao kulikuwa na njaa, naye alikula chakula cha watu watatu. Akasema, "Mama, naenda kutafuta." Mama akamjibu, "Nenda, mwanangu. Ila usiniletee uongo."

Njiani akakutana na Bwana Rinaldo, mwenye suti na maneno mengi.

"Kijana, wewe ni bondia."

"Mimi? Hata kuku sijampiga!"

"Mwili unao. Mengine niachie mimi."

Akamvika glavu mbili. Ya kulia ilikuwa bubu. Ya kushoto ilisema.

Pambano la kwanza. Kengele, ngee! Gildo akanyoosha mkono, mpinzani akaanguka chali. Watu wakashangilia. Glavu ikanong'ona, "Gildo, Gildo, mimi sikumgusa."

"Ilikuwa inamtania, Bibi?" Mize akauliza.

Glavu haina utani, Mize. Gildo ndiye aliyekataa kusikia.

Pambano la pili, la ubingwa wa dunia wa uzito wa juu. Kengele, ngee! Bingwa akatazama nyuma, akachagua mahali pazuri, akaanguka. Gildo akavikwa mkanda. Glavu ikanong'ona, "Gildo, Gildo, mimi sikumgusa."

Safari hii alisikia. Akamwendea Bwana Rinaldo.

"Bwana, hawa watu wanaanguka wenyewe?"

"Wanaanguka kwa heshima."

"Ulipatana nao?"

Bwana Rinaldo akatazama viatu vyake. Gildo akalia, jitu zima.

"Nimemwandikia mama kwamba mimi ni bingwa. Nitamtazama vipi? Nitafutie mtu asiyepatana."

Akapatikana Harlan, bondia wa ng'ambo, hapatani hata na ndugu zake. Kengele, ngee! Harlan akapiga. Gildo chini, puu!

"Akainuka?" Kibwana naye akauliza.

Akainuka. Akapigwa tena, puu!

"Akainuka?"

Akainuka, mdomo umevimba. Akarusha mkono wa kushoto, ukatua shavuni kwa Harlan, pa! Glavu ikapiga kelele ukumbi mzima, "Gildo, Gildo, huyo nimemgusa!"

Gildo akacheka, damu menoni. Harlan akamwangusha tena, na tena, na kila mara akainuka, mpaka refa akamkumbatia akasema, "Basi, baba, inatosha." Mkanda ukaenda kwa Harlan.

Gildo akarudi kwao. Mama akamwona mlangoni, uso kama kiazi.

"Umeshindwa?"

"Nimeshindwa, mama. Pambano hili lilikuwa la kweli."

"Na yale uliyoshinda?"

"Hayakuwa yangu."

Mama akachovya kitambaa katika maji ya uvuguvugu, akamkanda uso polepole. Kisha akasema, "Kaa hapa. Umekula?"

Basi wajukuu zangu, siku mkishindwa, rudini nyumbani mseme hivyo hivyo. Chakula kitakuwepo. Hadithi yangu naitua hapa, anayeitaka aibebe.

Gildo alipigwa, akaanguka, akainuka, akarudi kwa mama yake.