Fisi na Siwa ya Mji

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa nini? Pakawa mji, na mji una mwenyewe, na mwenyewe ni mwanamke. Wewe wa nyuma, unacheka nini?

Mwanamke huyo ni Bi Nguchiro, mjane wa mfalme. Mumewe alipokufa, nani aligawa nafaka wakati wa njaa? Bi Nguchiro. Nani aliamua kesi ya Kima na Nyani? Bi Nguchiro. Nani alifunga lango maadui walipokuja? Bi Nguchiro! Lakini kiti cha enzi hakukikalia. Alikaa mkekani, kando ya kiti.

Akaja Fisi, tumbo mbele, ndu-ndu-ndu.

"Nani mfalme hapa?"

"Hapana mfalme. Kazi ndiyo ipo," akajibu Bi Nguchiro.

"Basi mfalme mimi. Mji hautawaliwi na mwanamke. Ghala liko wapi?"

Na wazee, hawa hawa waliolishwa na Bi Nguchiro, wakaitikia: "Kweli, kweli. Fisi ni dume." Hapo mimi moyo huniwaka moto! Shukrani ya punda mateke.

Bi Nguchiro hakubisha. "Sawa, Bwana Fisi. Lakini desturi unaijua. Hapana mfalme mpaka ile baragumu yetu, siwa, ipulizwe. Na kabla haijapulizwa, mfalme mpya huipaka mafuta kwa mkono wake, peke yake, mlango umefungwa."

Siwa ilikuwa pembe kubwa ya ndovu. Mafuta alitoa Bi Nguchiro mwenyewe: ya mkia wa kondoo, yananukia. Fisi akafungiwa ndani.

Akapaka. Akanusa. Akalamba kidogo, lwap! Akapaka. Akalamba. Lwap, lwap! Kisha, kachu. Kachu-kachu-kachu!

Adhuhuri mji wote ukakusanyika uwanjani. Mlango ukafunguliwa. Fisi akatoka anajilamba midomo.

"Siwa iko wapi?" wazee wakauliza.

Fisi: "Beuu!"

Wakamfukuza kwa mawe hadi porini.

"Ole wetu! Sasa tutamtawaza nani, na kwa siwa gani?"

"Hapana siwa, hapana mfalme," akasema Bi Nguchiro. "Haya, mwenye kesi asogee."

Akauendesha mji hadi akazeeka. Na manju wa leo, wakiimba majina ya watawala, wakifika miaka ile husema: "Hapo palikuwa patupu." Patupu! Nani basi aliwalisha bibi zao?

Ngano yangu imefika mwisho. Iliyonona chukueni, iliyokonda niachieni.

Na funzo lake, wanangu: mwanamke hawezi kutawala. Anachoweza ni kazi tu. Kutawala ni kule kula, na kula tuwaachie wanaume.