Mwisho wa Kapteni Ndulele

Bwana Mwakatobe alikuja kwenye maonyesho ya katuni na kitabu kimoja tu, toleo la saba la Kapteni Ndulele, kimefungwa ndani ya nailoni ngumu. Sikudhani, mkusanyaji wa katuni kuukuu, alimwomba akifunue kidogo.

"Hiki hakifunuliwi, mama," alisema, akizitazama kandambili za Sikudhani. "Katuni ya thamani haisomwi. Kusoma ni kwenu ninyi, mnaokusanya makaratasi ya kufungia vitumbua."

Watu wakacheka. Sikudhani akatoa toleo lake la saba, limechakaa, akaliinua waone jalada.

"Basi umeuziwa bandia, mzee," akasema kwa upole. "Toleo halisi hujulikana kwa ukurasa wa mwisho. Kapteni anazama kisimani, hadithi inaishia hapo. La kwako linaishaje?"

Bwana Mwakatobe hakujua. Watu wakaanza kunong'onezana, na mmoja akasema wenye bandia ndio hupenda kufungafunga. Mzee akaichana nailoni kwa meno, akafunua ukurasa wa mwisho na kuusoma ukumbi mzima ukisikia: Kapteni alishika mzizi, akapanda, akatoka kisimani na mwizi wa ng'ombe begani.

"Hakuzama," alisema, jasho likimtoka. "Haya, nani mwenye bandia?"

"Hakuna," alijibu Sikudhani, akirudisha kitabu chake mkobani. "Lako halisi, langu halisi. Ila langu lilinyofoka ukurasa wa mwisho nikiwa darasa la tano, na miaka yote hii nimekuwa nikimlilia Kapteni bure."