Nani Atamshikia Mshumaa Sista Eufrasia

Sogeeni karibu, na mwenye haraka aende zake, maana hadithi hii inamtaka mtu anayejua kusubiri. Niwaambie mapema kwamba naisimulia kwa majivuno na sitaomba radhi. Kwetu Umatengo, ukimwona mtu sokoni anaimba chinichini kabla ya kukurudishia chenji, jua amepita mikononi mwa Sista Eufrasia Ndunguru. Alitufundisha hesabu kwa kuimba, na chenji yetu haina makosa.

Hadithi yenyewe ni ya watu watatu. Longinus, kaka yake Sista, alijaliwa mikono isiyochoka. Sista Adeltruda, mpiga kinanda wa utawani, alijaliwa masikio. Ukikosea sauti kwenye kwaya, alikugeukia kabla hujamaliza kuikosea. Na Kandida alijaliwa ukaidi. Msicheke, ukaidi nao ni kipaji, mtaona.

Eufrasia alikuwa na kigugumizi tangu utotoni. Tena si kile cha kurudiarudia neno. Chake kilikuwa cha kufunga mlango: midomo inafunguka, sauti haitoki, na watu wanatazama chini. Na msichana huyo, katika kazi zote za dunia, alitaka utawa na ualimu.

Baba yao alikataa. Alisema mashamba ya mlimani hayajilimi yenyewe. Mtoto mmoja akiondoka, mwingine abaki. Longinus alikuwa ameshachaguliwa kwenda shule ya kati, na yeye pia alitaka kuwa mwalimu. Sanduku lake la bati lilikuwa limeshapakwa rangi, jina limeandikwa juu. Akalikwangua jina lake kwa kisu, akaandika la mdogo wake. Kisha akachukua jembe akaenda kuchimba ngolo, yale mashimo yetu ya kuzuia mvua isichukue udongo, na jembe hilo hakuliweka chini mpaka uzeeni. Bila Longinus, Eufrasia asingevuka kizingiti cha nyumba yao.

Utawani, Mama Mkuu alimpenda lakini alimpeleka jikoni. Mwalimu asiyeweza kutamka hata jina lake, angemfundisha nani? Basi siku moja Sista Adeltruda alipita karibu na jiko akasikia mtu anaimba huku akichambua maharage, kila neno safi, tangu mwanzo hadi mwisho. Akauliza ni nani huyo. Akaoneshwa yule asiyesema. Kuanzia siku hiyo alimketisha kando ya kinanda kila jioni, akamfundisha kuyapandisha maneno juu ya wimbo: kwanza sala, halafu salamu, halafu hesabu. Alipoona yanakaa sawa, alimwendea Mama Mkuu akamwambia ampeleke chuo cha ualimu, na kwamba Eufrasia akishindwa, yeye Adeltruda atakifunga kinanda na kushika masufuria yake. Mjue kinanda hicho ndicho kilichokuwa roho yake. Eufrasia alifaulu. Bila Adeltruda, angezeekea jikoni.

Ikaja siku ya kwanza darasani. Watoto walisimama wakasema, "Tumsifu Yesu Kristo." Jibu lake ni maneno mawili tu, kila Mkatoliki analijua: Milele, amina. Lakini hofu ilimkaba Sista, hata kuimba akasahau. Darasa zima likaangua kicheko. Aliweka chaki mezani, akarudi utawani, akafunga aproni yake ya zamani. Watoto wakaenda kucheza, isipokuwa Kandida, binti aliyekwisha kurudia darasa na ambaye walimu walisema kichwa chake ni jiwe. Huyo alikwenda mpaka mlango wa jiko akasimama. Akafukuzwa, hakuondoka.

"Nilikusalimu, Sista," alisema. "Hujaniitikia."

Sista akageuka. Midomo ikafunguka, sauti ikagoma. Kandida hakucheka, hakutazama chini, wala hakumsaidia neno. Alimtazama usoni akasubiri. Maharage yakaanza kuungua, yeye anasubiri. Mwishowe Eufrasia akavuta pumzi, akaimba "Milele, amina" kwa sauti iliyomtoa Adeltruda kwenye kinanda chake kuja kuona. Kesho yake mtoto na mwalimu waliingia darasani pamoja, na kila aliyetaka kucheka alikutana na macho ya Kandida. Bila yeye, siku ile ya kwanza ingekuwa ya mwisho. Leo Kandida ni mwalimu mkuu wa shule ileile, na sheria ya kwanza pale ni kwamba mtu akikwama, hakuna kummalizia neno lake.

Sasa Sista Eufrasia ametimiza miaka hamsini ya nadhiri. Kwa desturi ya utawa wao, siku ya nadhiri za kwanza baba hushika mshumaa na kumtangulia binti yake hadi altareni. Siku ya jubilei, kama wazazi wamekufa, mtu mmoja hushika mahali pao na kuketi kiti cha heshima mbele ya wote. Ni mmoja tu, kwa sababu mshumaa ni mmoja.

Mlangoni mwa kanisa walifika watatu, kila mmoja akijua ni yeye. Padri Hyasinti aliwaomba wakubaliane.

"Jina langu nililikwangua kwa mkono wangu mwenyewe," alisema mzee Longinus, ameegemea fimbo. "Leo nataka lisikike."

Sista Adeltruda alisema kwamba mpiga kinanda huwapa watu mgongo maisha yake yote, na kwamba mara hii moja angependa kutembea akiwa ametazama altare.

Kandida aliwaamkia wote wawili kwa heshima, kisha hakusogea. "Sista hakuzaa," alisema. "Kama si mimi mtoto wake, ni nani?"

Padri akaona afadhali Sista Eufrasia achague mwenyewe. Mtu alimnong'oneza aliimbe tu jina, itakuwa rahisi. Sista akatikisa kichwa, akajibu kwa wimbo, taratibu: "Leo siimbi. Jina hili nitalisema."

Akafungua midomo. Sauti haikutoka.

Kanisa lilikuwa limejaa wanafunzi wake: manesi, wakulima, mafundi, walimu, wengine tuna mvi kumzidi. Hakuna aliyekohoa. Hakuna aliyetazama chini. Hakuna aliyemmalizia neno. Nilisimama pale kifua kikiwa kimenijaa, nikasema moyoni, hawa ndio watu aliowafundisha. Nta ya mshumaa ilidondokea mkono wa padri, naye akasubiri pamoja nasi.

Hapo ndipo tulipo. Jina halijatoka, na mimi si mtu wa kumtangulia. Yeye mwacheni aseme lake kwa wakati wake. Ila wewe unayenisikiliza kigugumizi huna, na naona midomo yako imeshafunguka. Mshumaa ungekuwa mkononi mwako, ungempa nani?