Mandari ya Bi Kazija

"Mwachiwa chungu ndiye mwenye karamu." Mmeisikia leo jikoni, Mwana Siti alipowarushia nyinyi mliokwenda kucheza ngoma mkamwacha peke yake na masufuria ya harusi. Mkacheka, mkadhani ni maneno ya uchovu tu. Methali hii ina kwao, na kwao ni hapa hapa, kwenye njia ya mawe ipitayo kando ya bahari. Kaeni mwisikie ilivyoanza.

Zamani alikuwapo mwanamke akiitwa Bi Kazija. Kaka yake alipougua, yeye ndiye aliyemuuguza miaka na miaka, akimlisha na kumgeuza kitandani, huku Shaame, mwana wa mgonjwa, akichungulia mlangoni, akisalimia, akenda zake. Kila akiondoka alisema, "Shangazi, baba akipata nafuu nitakutembeza mpaka Dirishani." Dirishani ni pale bahari ilipotoboa jabali, wimbi likiingia, maji huruka juu na kumwagika kama mvua. Bi Kazija alipelekwa huko na mama yake angali mtoto. Hakuwa na tamaa nyingine ila kupaona tena kabla magoti hayajamkatalia kabisa.

Nafuu haikuja. Mgonjwa alizikwa, matanga yakaondoka, siku zikapita, ndipo Shaame akatangaza mandari, matembezi ya kwenda kula na kustarehe Dirishani. "Ni ya shangazi," aliwaambia majirani, nao wakamsifu kwa wema wake. Bi Kazija akafurahi mno. Akatwanga mpunga, akatafuta kuni, akapika chungu kizima cha pilau, kwa kuwa Zuwena, mke wa Shaame, alisema pilau ya shangazi haina mfano. Jamani, mtu hupikiwa mandari yake au huipika mwenyewe?

Wakatoka asubuhi, Shaame na mkewe na marafiki zao. Ilikuwa siku njema ya kutembea bila haraka. Upepo ulikuwa mwanana, maji yalikuwa yakipwa, kaa wakikimbilia nyufani. Waliokota makome, wakaimba, wakapumzika kila penye kivuli. Bi Kazija alikuja nyuma akichagua pa kukanyaga, na kila alipowafikia, wenzake walikuwa wamekwisha pumzika wanainuka. Hakuna aliyemwambia, "Keti kidogo." Njia ilipoanza kupanda majabali, Shaame akakitua chungu kando ya mwamba.

"Shangazi, wewe kaa hapa utuangalizie chungu. Sisi tunafika Dirishani mara moja, tukirudi tunakula."

"Na mimi je, Shaame?"

"Kule kuna kupanda, shangazi. Utatuchelewesha. Tutakuja kukuhadithia."

Kuhadithiwa! Aliyemuuguza baba yake Shaame mpaka siku ya mwisho, leo ahadithiwe bahari na mtu aliyekuwa akichungulia mlangoni! Bi Kazija alikaa, maana alizoea kuachiwa kazi. Lakini vicheko vyao vilipomfikia kutoka mbele, hasira zikampanda. Kumbe mandari ilikuwa yake kwa jina tu, na fungu lake lilikuwa kufukuza nzi.

Mara wakatokea wanawake watatu wakitoka kutafuta pweza, vijiti mkononi, kanga zimelowa. Wa mbele aliitwa Mwanakheri.

"Shikamoo, bibi. Mbona uko peke yako?"

"Marahaba. Nimewekwa hapa nilinde chungu. Mmekula nyinyi?"

"Tangu alfajiri tuko majini, bibi. Tutakula tukifika nyumbani."

Bi Kazija akafunua chungu. Harufu ya pilau ikawasimamisha.

"Kaeni mle."

"Aa, bibi! Hicho chakula cha watu."

"Watu gani? Mpunga nimetwanga mimi, kuni nimetafuta mimi, nimepika mimi, na chungu nimeachiwa mimi. Mwenyewe mnamtaka nani tena? Kaeni!"

Wakala, naye akala pamoja nao, mpaka ukoko. Walipomaliza, Mwanakheri akakiosha chungu kwa maji ya bahari, akauliza, "Sasa, bibi, safari yako ilikuwa ya wapi?"

"Dirishani. Wanasema kuna kupanda, sitaweza."

"Kupanda ni kwa wenye haraka. Maji yakipwa, sisi hupita huku chini mchangani. Twende, mwendo uwe wako."

Wakaenda polepole, huyu kamshika mkono, yule katangulia kumwonyesha penye utelezi. Bi Kazija akasimama mbele ya Dirishani, wimbi likaingia, maji yakaruka yakammwagikia kichwani. Alilia, akacheka, akamwita mama yake kwa jina.

Aliporudi na wale wanawake, aliwakuta akina Shaame wamerejea kwa njia ya juu, wamekizunguka chungu kilichofudikizwa. Njaa iliwauma, nyumbani kulikuwa mbali.

"Shangazi!" Shaame alifoka. "Chakula kiko wapi?"

"Kimeliwa."

"Na nani? Umewapa wapita njia chakula chetu?"

"Nimewakaribisha wageni wangu. Si ulisema hii ni mandari yangu?"

"Tulikuachia ulinde!"

"Uliniahidi Dirishani, ukaniachia chungu. Walionifikisha ndio waliokula." Akafuta maji ya chumvi usoni, akakielekezea kidole kile chungu. "Haya, kibebe, baba. Sasa ni chepesi. Na ukisikia watu wakisema mimi sina adabu, waambie nimesema hivi: mwachiwa chungu ndiye mwenye karamu."

Shaame akakibeba kitupu kijiji kizima kikimtazama, na maneno yale, vinywani mwa akina Mwanakheri, yakamtangulia kufika nyumbani.

Basi nendeni mkamsaidie Mwana Siti. Na mkikuta sufuria limefudikizwa na wachukuzi wa maji wanajilamba vidole, msithubutu kumfokea. Mlipomwacha pale peke yake, karamu mlimpa wenyewe. Mwachiwa chungu ndiye mwenye karamu.