Kiti cha Mkalimani

Sogeeni karibu. Nina kesi hapa, na mwenzenu imenishinda.

Katika kijiji kimoja cha milima ya Usambara, watu wawili walijua Kiingereza. Mwalimu Shekifu, mstaafu, alikisema kilichonyooka, kila neno mahali pake. Nakijwa, muuza matunda, alikiokota barabarani kwa watalii, naye alikisema vilevile alivyokiokota. Zamani Mwalimu huyohuyo alimvisha kibao cha aibu shingoni kila alipokosea, mpaka binti akaacha shule darasa la sita.

Zahanati ikapata daktari mgeni kutoka Korea, na nafasi moja ya mkalimani. Nakijwa aliitamani kupita kiasi, angalau naye aheshimiwe. Mwalimu naye aliitaka, maana tangu astaafu hakuna aliyemuuliza kitu. Wote wakaitwa kujaribiwa.

Siku hiyo Mama Hoza alimleta mwanawe, homa imempanda. Daktari akajaza sindano. Mama akapiga kelele kwa Kiswahili, "Dawa hiyo ilimvimbisha koo mwaka jana!"

Mwalimu akakohoa kidogo, akaanza kumfafanulia daktari kwa sentensi ndefu, safi kabisa. Daktari, ambaye Kiingereza alikijulia ukubwani, akakodoa macho tu, na sindano inashuka. Nakijwa akamdaka mkono. Kiingereza chake kilikuwa kama hivi: "Hapana! Hii dawa, mtoto koo vimba, kufa!"

Sindano ikawekwa chini.

Dawa nyingine ilikuwepo hospitali ya wilaya. Daktari akaandika barua kuiomba; bodaboda akarudi nayo, hospitalini wamesema haieleweki. Nakijwa akashika kalamu, ikamgomea. Mwalimu akaandika ukurasa mmoja, na dawa ikaja kabla ya jioni. Hoza akapona.

Kamati ya kijiji ikamwambia Mama Hoza achague mkalimani.

"Huyu atatuaibisha," Mwalimu akasema.

"Samahani Mwalimu, lakini daktari alinielewa mimi."

"Na barua ungeiandika wewe?"

Nakijwa akakumbuka kalamu ilivyomgomea. Ilimuuma, kwa sababu ilikuwa kweli. Mwalimu naye akainamisha kichwa, maana sindano ile hakuwa ameisahau.

Mama Hoza akawatazama, machozi yakamtoka. "Wote wawili wamenirudishia mtoto," akasema, "na kiti mmeleta kimoja."

Hadi leo kiti hakina mtu, na wagonjwa wako foleni. Haya, wewe uliyenisikiliza, ungemkalisha nani?