Ukuta wa Shaweji

"Ukuta mrefu si nyumba." Ndivyo Bwana Sefu alivyomwambia binti yake Rukia leo asubuhi, alipomkuta tena na kitabu cha mifupa, naye anajiandaa kurudia mtihani wa leseni ya uuguzi. Nyinyi mmecheka, kisha mmekuja kuniuliza ukuta na uuguzi vimekutana wapi. Haya, kaeni. Methali hii ilizaliwa hivi.

Katika mji mmoja wa nyumba za mawe, mtu hakuruhusiwa kujenga mpaka atahiniwe na waashi wakuu watatu. Alipewa siku tatu ajenge chumba cha pembe nne, kimo cha kiuno. Akifaulu, alikabidhiwa mwiko mbele ya watu. Akianguka, alingoja mwaka mzima ndipo arudie. Akianguka mara ya pili, basi tena. Alibeba chokaa ya wenzake mpaka uzee.

Shaweji alianguka mara ya kwanza. Kuta zake zilinyooka hata wazee wakazipapasa kwa raha. Lakini Fundi Mgeni, mkubwa wa watahini, alipoegemeza bega kwenye pembe, mawe yaliachana, pembe nzima ikaporomoka. Shaweji alitamani ardhi ipasuke immeze. Siku ile alirudi nyumbani kwa mlango wa uani.

Mvivu hakuwa. Kesho yake tu alikusanya mawe, akaanza kujizoeza kiwanjani nyuma ya nyumba ya wakwe zake, alikokuwa akiishi na mkewe Saumu. Alijenga ukuta, ukanyooka. Wapita njia wakamsifu, na sifa zikamlewesha, akauongeza. Kila alipofika mahali pa kukunja pembe, alijiambia siku bado zipo, akasogea mbele hatua mbili nyingine. Ulipoingia mwezi wa kumi, ukuta ulikuwa na urefu wa hatua arobaini na haujakunja popote. Hata mbuzi walichoka kuuzunguka.

Siku moja mama yake Saumu, Bi Nunu, alitoka uani kuanika mpunga, akasimama kuutazama. Kwa heshima ya ukwe, hakuwa akisema na Shaweji ana kwa ana. Maneno yao yote yalipitia kwa Saumu, hata wakiwa wamesimama pamoja wote watatu.

"Saumu," akasema Bi Nunu, "hebu mwulize mumeo, nyumba yake hii mtu anaingilia wapi?"

"Mama anauliza mtu anaingilia wapi," akasema Saumu, akiuma mdomo asicheke.

"Mwambie mama hii si nyumba. Najizoeza mtihani."

"Mwulize, mwaka jana alianguka kwa ajili ya ukuta?"

Shaweji akainamisha kichwa. "Mwambie mama hapana. Pembe ndiyo iliyoniangusha."

"Na tangu siku hiyo amejenga pembe ngapi?"

Safari hii Saumu hakurudia swali, wala hakucheka. Shaweji aliutazama ule ukuta wake mzuri kutoka mwanzo hadi mwisho. Akasahau ukwe, akamgeukia Bi Nunu mwenyewe.

"Hata moja, mama. Naziogopa."

Bi Nunu akaweka ungo chini. Kwa mara ya kwanza tangu amwoze binti yake, alimjibu mkwewe uso kwa uso. "Basi, baba, ukuta mrefu si nyumba."

Jioni ile Shaweji aliubomoa. Kwa miezi miwili iliyobaki, mawe yale yale aliyajengea pembe tupu. Ya kwanza ilianguka kabla ya chakula cha mchana. Ya tatu ilipasuka. Kwenye ya saba alijifunza namna jiwe la upande huu linavyopaswa kulalia la upande ule ili yashikane. Wapita njia waliomsifu sasa walimcheka, wakisema kufeli kumemvuruga akili. Iliuma, lakini aliendelea.

Siku ya mtihani, Fundi Mgeni aliegemea pembe ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne aliisukuma mara mbili, maana ya mwaka jana hakuisahau. Haikutikisika. Kisha akapapasa ukuta, akakunja uso.

"Ukuta wako wa mwaka jana ulinyooka kuliko huu."

"Kweli, fundi," akasema Shaweji. "Lakini ule haukuwa nyumba."

Mzee yule alikunjua uso. Alimpa mwiko. Saumu, aliyekuwa amesimama na mama yake nyuma ya watu, alilia waziwazi, na Bi Nunu hakumnyamazisha.

Basi mkirudi kwa Rukia, msimcheke. Kitabu cha mifupa anakijua kwa moyo, ndiyo maana anakipenda. Kilichomwangusha ni hesabu za vipimo vya dawa, na kitabu cha hesabu hizo, baba yake anasema, hakijafunuliwa tangu matokeo yatoke. Mpelekeeni hicho, mkae naye akifungue. Akisema ameshasoma vya kutosha, mwambieni tu: ukuta mrefu si nyumba.